Potasiamu 8.9 na mgonjwa anaongea: kihatarishi cha maabara kinabebwa na nani?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni inchaji wa maabara kwenye hospitali ndogo ya binafsi hapa Tanga mjini. Tuko wanne, na usiku anabaki mmoja. Wiki tatu zilizopita kijana wetu wa zamu alitoa potasiamu 8.9 kwa mama mmoja wa makamo aliyeletwa akiharisha. Kalsiamu nayo ilisoma chini sana, 0.9. Daktari alishtuka, wakamkimbiza rufaa usiku uleule kwa gari la kukodi. Kule wakarudia kipimo: potasiamu 4.2, ya kawaida, moyo hauna tatizo. Ndugu zake wamekuja juu, wanataka warudishiwe gharama. Nimekagua mashine, kontroli za siku ile, yaani zile sampuli za kuijaribu mashine ambazo majibu yake yanajulikana, zote zilipita. Mmiliki anataka kijana akatwe mshahara au aondoke kabisa. Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana tulimlipa mshauri akatutengenezea rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari zinazoweza kutokea kazini, yenye mistari 47, imepakwa nyekundu, njano na kijani, na mkaguzi aliisifu. Tukio kama hili halimo. Tulikosea wapi kwenye rejista? Na nikiandika ukweli wote wa usiku ule, hautanirudia mimi mwenyewe?"*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hilo, na umpe pole kijana wa zamu, maana naamini tangu siku ile halali vizuri.

Naona umefanya kila ulichoagizwa. Rejista mnayo, kontroli mnaweka, mkaguzi ameondoka akitabasamu, halafu usiku mmoja damu ya mama mmoja imekuumbua. Kabla ya kufika kwenye rejista tuiangalie kwanza hiyo damu, kwa sababu namba zako mbili zimeshasema mengi.

Chupa ya kofia ya zambarau ina EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande. EDTA ya kwenye chupa hizo ni chumvi ya potasiamu, na inavyofanya kazi ni kuikamata kalsiamu, kwani damu bila kalsiamu haiwezi kuganda. Sasa mtu akichota kidogo kutoka chupa ya zambarau akaongezea kwenye nyekundu, ile isiyo na EDTA ambayo damu yake ndiyo hupimwa potasiamu, au akaanza kujaza zambarau ndipo akahamia nyekundu kwa sindano ileile, amefanya mambo mawili kwa mpigo: ameongeza potasiamu ambayo si ya mgonjwa, na ameifunga kalsiamu ambayo ni ya mgonjwa. Majibu yatatoka vile yalivyotoka kwenu, potasiamu imepaa, kalsiamu imezama, na mwenye damu amekaa kitandani anaulizia chai. Mtu mwenye kalsiamu ya 0.9 kwa kweli humwoni akiulizia chai. Vidole vinajikunja, misuli inamkaza, pengine na degedege. Seli nyekundu zikipasuka nazo hupandisha potasiamu, maana ndani ya seli imejaa tele kuliko kwenye maji ya damu, ila seli zikipasuka hazikushushii kalsiamu namna hiyo.

Sikuwepo usiku ule, kwa hiyo nakisia. Ila ningekuwa na dau la kuweka ningeliweka hapo. Mtafute nesi aliyetoa damu, muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, akuonyeshe kwa mikono anavyofanya. Usimuulize mbele ya mmiliki, utapewa jibu la mmiliki.

Nalisema hili nikikumbuka hospitali moja ya pwani hii niliyoifanyia kazi miaka mingi. Tulikuwa na potasiamu za ajabu mara mbili tatu kwa mwezi na tukailaumu mashine mpaka fundi akaja kutoka Dar es Salaam akaondoka hajaona kitu. Siku moja nilikuwa nimesimama tu wodini nikisubiri faili. Nesi mmoja, mama mchapakazi kweli, alifungua kofia ya zambarau kwa kidole gumba, akainamisha chupa juu ya nyekundu, akahesabu matone kimoyomoyo, akafunga zote mbili na kuzitikisa. Nikamuuliza. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Mshipa umegoma, na damu ya watu haitupwi." Nikafungua droo yake. Zilikuwemo chupa nyekundu mbili, kwa wodi nzima, na siku ilikuwa Ijumaa. Nilipofuatilia stoo nikaambiwa mzabuni hajalipwa miezi miwili, ameshikilia mzigo. Basi potasiamu ile ya uongo ilizaliwa ofisini kwa mhasibu, ikapitia droo ya nesi, ndipo ikafika kwenye mashine yangu ikiwa imeshavaa namba.

Na hapo ndipo penye jibu la kontroli zako kupita. Kontroli hutoka kwenye kichupa chake moja kwa moja hadi kwenye mashine. Haijawahi kufungwa kitambaa mkononi, haijatolewa na nesi mwenye wagonjwa thelathini, haijabebwa mfukoni na mhudumu. Inakuambia mashine inasoma sawasawa, basi. Mashine yenu ilisoma sawasawa kabisa: ndani ya ile chupa kweli mlikuwa na potasiamu 8.9. Haikuwa ya yule mama. Katika kazi yetu sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine, kwenye kuagiza, kutoa, kuandika lebo na kusafirisha, lakini ukifungua rejista nyingi za vihatarishi utakuta zimeandikwa kana kwamba maabara huanzia mlangoni pake.

Na kosa hili halikuwa la kuchekwa. Tiba ya potasiamu ya juu ni pamoja na insulini na glukosi ya kuisukuma iingie ndani ya seli. Mgonjwa mwenye 4.2, tena anayeharisha na kupoteza potasiamu kila saa, ukimpa hiyo tiba unaweza kumsukuma upande wa pili ambako moyo nao hupiga ovyo. Ndugu wanalalamikia gari la kukodi. Mimi nalishukuru lile gari.

Wazungu wana mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu, ulitolewa na James Reason wa Uingereza, na kila kozi ya ubora lazima uonyeshwe. Mimi hutumia paa la makuti. Kuti moja ukilinyanyua juani unaona mbingu kupitia humo, halizuii kitu. Paa halivuji kwa sababu makuti yamelaliana, upenyo wa hili umefunikwa na lile. Mvua inakulowesha siku penyo zinapokutana mahali pamoja. Usiku wa yule mama zilikutana. Nesi huenda hakuwahi kufundishwa ipi ianze kati ya nyekundu na zambarau. Chupa huenda zilikuwa chache. Hakukuwa na mtu wa kuikagua sampuli mapokezi, kwa kuwa anayepokea ndiye anayepima ndiye anayetoa majibu. Hapakuwa na kanuni kwamba potasiamu ikivuka kiwango fulani itazame kalsiamu kwanza. Daktari huenda alipigiwa simu akaambiwa namba moja, hakuambiwa ya pili. Kuna mtu yeyote hapo unayeweza kumnyooshea kidole peke yake?

Mmiliki anamnyooshea kijana, kwa sababu kijana ndiye aliyesaini. Namwelewa, ndugu wa mgonjwa wamemkalia kooni. Lakini mwambie hivi, kwa heshima zote: akimfukuza huyu, atakayekuja atakuta chupa zilezile, droo ileile na usiku uleule, isipokuwa yeye hatajua kwamba jambo hili liliwahi kutokea. Mji wetu unajisifu kwa "waja leo waondoka leo", na kwa vijana wa maabara imekuwa kweli kabisa. Anakuja, unamfundisha mashine miezi sita, anaitwa Arusha. Aliyebaki na kovu la tukio lile ni mali kwenu. Adhabu ina mahali pake. Angekuwa amepika majibu, yaani amekaa mezani akaandika namba bila kupima, ningekuambia uandike barua leo. Huyu alipima, akaona, akaamini namba, akapiga simu. Hilo ni kosa la mtu aliyeachwa peke yake bila kanuni.

Sasa rejista. Umeniuliza mlikosea wapi ndani yake. Sijaiona, ila nimeona nyingi za wenzake, na nahofia imeandikwa ya maabara nyingine. Niliwahi kukuta maabara ya pwani, nyuzi joto 33, feni inazunguka, na kwenye rejista yao kuna mstari wa theluji kuziba barabara. Mshauri alisahau kuufuta. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikanyamaza, kwa sababu kwenye mistari yote sitini na kitu sikuona hata mmoja unaotaja nani anashika zamu ya usiku.

Rangi nazo zisikutishe. Zinatokana na kuzidisha: uwezekano 4 mara madhara 5, unapata 20, nyekundu. Ukubwa huo si kipimo kama potasiamu, ni maoni yaliyovaa tarakimu. Mpe mhasibu na nesi mstari mmoja waupime kila mtu kivyake, utapata 6 na 20. Ni zana nzuri ya kuanzisha ubishi mezani, na ubishi huo ndio wenye faida. Mshauri akijaza peke yake chumbani kwake mmepoteza faida yote mkabaki na rangi.

Nani amesema tuwe na haya mambo? Toleo la 2022 la ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, limeweka usimamizi wa vihatarishi katikati ya kila kitu, wakati lile la 2012 lilizungumzia zaidi "hatua za kuzuia" kwenye kona yake. Na kuna mwenzake, ISO 22367 ya 2020, mahsusi kwa vihatarishi vya maabara. Ukizisoma kwa utulivu hazikuombi mistari 47. Zinataka ujue mgonjwa anaweza kuumizwa wapi, ufanye kitu, kisha uangalie kama ulichofanya kimesaidia. Na zinamtaka mwenye mamlaka awajibike. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa maabara ndogo kama yenu ndilo gumu kuliko yote.

Ugumu wenyewe ni huu. Wewe unazijua hatari zote, lakini hushiki fedha. Mmiliki anashika fedha, lakini hatari hazijui, au anazijua kwa jina la "malalamiko ya maabara". Mkaguzi anakuja anakuuliza wewe. Unakuwa umebeba mzigo ambao huna uwezo wa kuutua. Rejista ya namna yenu inaficha jambo hili, kwa kuwa safu ya "mhusika" imejazwa "inchaji wa maabara" kuanzia juu hadi chini. Ifungue uone kama nimekosea.

Ningekushauri uifunge kabatini, usiitupe, mkaguzi ataiulizia, halafu uandike mpya ya mistari sita au saba ambayo kila mmoja unaishia kwa uamuzi wa mtu mwenye fedha. Kwa mfano usiandike "upungufu wa vifaa, hatari ya kati". Andika: "Chupa nyekundu zikishuka chini ya boksi mbili na mzigo ukachelewa siku tano, wodini wataanza kumimina damu kutoka chupa nyingine. Matokeo yake ni potasiamu ya uongo, kama usiku wa tarehe fulani. Tunaomba agizo lifanyike zikibaki boksi nne na mzabuni alipwe ndani ya siku 30. Gharama ni kiasi hiki." Chini yake weka nafasi mbili tu: nakubali, au sikubali na nimepokea kihatarishi kama kilivyo. Saini, tarehe.

Usiogope akisema hakubali. Viwango vyenyewe vinaruhusu kihatarishi kupokelewa, hakuna hospitali inayoweza kuziba vyote. Tofauti ni kwamba sasa amekipokea mwenye uwezo wa kukiondoa. Nimeona wamiliki waliokuwa wagumu miaka miwili wakinunua chupa ndani ya wiki moja baada ya kuwekewa karatasi inayowataka waandike kwa mkono wao "nimepokea".

Mstari wa pili nisingeuacha kwa namna yoyote: mtu mmoja usiku. Anapokea sampuli, anaandika, anapima, anasoma, anajibu simu, na kwenye baadhi ya hospitali zetu ndiye anayepokea hela pia. Hakuna jicho la pili. Suluhisho la kuongeza mtu ni zuri na ni ghali, najua mishahara ilivyo. Lakini jicho la pili si lazima liwe mtu wa maabara. Karatasi ya nusu ukurasa iliyobandikwa juu ya mashine inaweza kuwa jicho: potasiamu ikizidi 6.5, tazama kalsiamu, tazama rangi ya maji ya damu kama yana wekundu, muulize nesi alivyotoa, kisha omba sampuli mpya kabla au wakati ule unapompigia daktari. Mwambie daktari namba zote mbili na shaka yako. Usichelewe kumpigia kwa sababu ya kurudia, kwani zipo potasiamu za kweli za 8.9 na hao hawana muda. Mpigie, mwambie "nina wasiwasi na sampuli, tumeomba nyingine, mtazame mgonjwa na mpime moyo." Dakika moja tu.

Njia nyingine ni kuacha kabisa kupima chumvi za damu, kama hiyo potasiamu, usiku na kupeleka sampuli rufaa, hospitali ya Bombo si mbali kutoka hapo mjini. Ni uamuzi wa heshima, sio aibu. Ila una mtego wake. Damu isiyozungushwa kwenye mashine ya kutenganisha seli na maji ya damu ukiilaza kwenye friji mpaka asubuhi, pampu za seli zinalala na potasiamu inavujia nje, utapata namba ya juu tena ya uongo. Ukiiacha mezani kwenye joto letu hili, seli zinaendelea kula glukosi, hupungua kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kwa hiyo iache igande, izungushe, utenganishe maji ya damu ndipo usafirishe, glukosi iwe kwenye chupa ya kijivu. Bodaboda apewe kasha lenye barafu, na muda wa kuondoka uandikwe. Usipoweza hayo, umehamisha kihatarishi kutoka kwenye mashine ukakipakia kwenye pikipiki.

Umeme. Hapa kila mtu huniambia "jenereta tunalo". Siku moja, kwa ruhusa ya uongozi wa hospitali fulani, nilizima swichi kuu mchana kweupe ili tuone. Tulikaa gizani dakika 34. Ufunguo wa stoo ya dizeli alikuwa nao mhasibu, na mhasibu alikuwa msibani Pongwe. Jenereta lilipowaka tukashangilia. Kisha nikaenda kwenye friji ya vitendanishi, zile dawa za kupimia, kimya. Soketi yake haikuwa kwenye laini ya jenereta. Iliyokuwa kwenye laini ni ya televisheni ya mapokezi, na ilikuwa ikionyesha tamthilia. Karatasi yao ya vihatarishi ilisema umeme ni kijani. Fanyeni zoezi kama hilo, mara moja kwa miezi sita, na mara moja lifanyike saa nane za usiku. Hakuna mshauri atakayekugundulia mambo hayo akiwa na kompyuta yake.

Mengine nayapitia haraka. Kama mashine yenu ni ile "ya bure" inayoletwa kwa mkataba wa kununua vitendanishi kwa mwenye mashine tu, soma mkataba una mwaka mmoja au mitano, na mzigo ukikwama bandarini nani anawajibika. Mimi sina ugomvi na mikataba hiyo, maabara nyingi zisingekuwa na mashine bila hiyo, ila bure hiyo inalipwa kila mwezi na uhuru wako wa kwenda kwa mwingine umeuza. Majibu kwenye kundi la WhatsApp la madaktari, yakiwa na jina kamili la mgonjwa: acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na picha ya majibu ya VVU ikishasafiri hairudi. Na kama madaktari wanapewa kamisheni kwa kila kipimo wanachoagiza, hicho nacho ni kihatarishi, hata kama kila mtu anakiita motisha.

Usidhani haya ni ya wanyonge peke yetu. Mwaka 2021 huko Wolverhampton, Uingereza, maabara moja ya binafsi iliwaambia watu wanaokadiriwa 39,000 kwamba hawana UVIKO kumbe wanao, kwa sababu kiwango cha kuamua chanya na hasi kiliwekwa vibaya. Ilikwenda hivyo zaidi ya mwezi mmoja. Mashine zilikuwepo, fedha zilikuwepo. Watu walipimwa kwa kipimo cha haraka wakaonekana chanya, wakapimwa kwa kipimo kikubwa wakaonekana hasi, wakaanza kuulizana, na ilichukua wiki kadhaa kwa mshangao wao kufika mahali pa uamuzi. Na Juni 2024 wahalifu wa mtandao walifunga mifumo ya mtoa huduma za maabara kwa hospitali kubwa za London. Hospitali zikashindwa kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa kwa kasi ya kawaida, zikaegemea kundi O, ambalo kwa dharura hupewa wengi, mpaka wananchi wakaombwa wenye kundi hilo wajitokeze kuchangia. Kumbe kompyuta ikizimwa, uhaba unatokea kwenye benki ya damu. Kwa hiyo kama mmehamia kwenye kompyuta, lile daftari kubwa la maabara lisigeuzwe meza ya thermosi. Fomu za karatasi ziwepo, na kijana wa zamu ajue kuzitumia.

Nije kwenye hofu yako. Je, ukiandika ukweli utakurudia? Unaweza kukurudia, sitakudanganya. Nimeona inchaji akihamishwa kwa kuandika vizuri. Lakini pima na upande wa pili: ndugu wa mgonjwa wakienda mbele, kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni kumbukumbu za usiku ule, na kumbukumbu iliyofutwa au kuandikwa upya inaonekana tu. Kwa hiyo usiguse kumbukumbu ya mashine. Usibadili daftari; kama kuna neno la kusahihisha, kata kwa mstari mmoja linalosomeka, saini, tarehe. Andika taarifa ya tukio kwa saa na vitendo: saa 7:40 usiku sampuli ilipokelewa, saa 8:05 ilipimwa, saa 8:10 daktari alipigiwa. Tumia vyeo, si majina: nesi wa zamu, mtaalamu wa zamu. Usiweke maoni, usiweke "uzembe". Nakala moja ikabidhiwe kwa uongozi na ipokelewe kwa saini. Maelezo ya nidhamu, kama yapo, yawe karatasi nyingine na kikao kingine. Ukichanganya hizi mbili, hakuna nesi atakayekuambia tena kwamba alimimina.

Mtindo wa kuwafanya watu waseme hauanzi na fomu. Anza wewe. Kwenye kikao cha wiki simulia kosa lako lililonusurika, lile uliloligundua sekunde ya mwisho, kila mmoja wetu analo. Mimi yangu ni lebo mbili za watoto mapacha. Nikishaisimulia, chumba huwa kimelegea.

Umetaja mshauri, na huenda mtaambiwa muajiri mwingine au mwingie kwenye SLIPTA, ule mpango wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika wa kupima maabara kwa nyota kuanzia 0 hadi 5. Naupenda huo mpango. Nyota ya kwanza inaanzia asilimia 55 ya alama, na orodha yake ya ukaguzi pekee ni mwalimu mzuri. Unaweza kuitumia kujikagua bila kumlipa mtu. Ithibati kamili ni safari ya miaka na fedha, na kwa watu wanne ambao mmoja yuko likizo, mnaweza kujikuta mnaandika miongozo mchana kutwa na sampuli zinasubiri. Mimi ningeweka chupa, usiku na umeme sawa kwanza, nyota baadaye. Wenzangu wengine watakubishia, wana hoja pia: bila shinikizo la ukaguzi wamiliki hulala.

Yapo mambo usiyamalize kwa kuniandikia. Ndugu wa mgonjwa waendee uso kwa uso wiki hii, wewe na daktari, si wewe peke yako, mkawaeleze kilichotokea kwa lugha yao; kuhusu fedha mmiliki apate mwanasheria kabla hajaahidi wala kukataa. Mpigie mratibu wa huduma za maabara wa halmashauri, aje asimame wodini kwenu nusu siku. Bodi ya Maabara Binafsi za Afya nayo ipo, na ni bora ikusikie wewe kwanza kuliko kumsikia mlalamikaji. Kama mnapima makundi ya damu kwa ajili ya kuongezewa na umeanza kuwa na shaka na lebo zenu, hilo halingoji rejista, simamisha na uombe msaada siku hiyohiyo. Na ukiamriwa ubadilishe majibu au tarehe, omba amri hiyo kwa maandishi. Mara nyingi haiji.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, pitia wodini ufungue droo ya nesi uhesabu chupa nyekundu. Ukimaliza nenda stoo uhesabu na za huko, uangalie na tarehe mzabuni alipolipwa mara ya mwisho. Niandikie hizo namba tatu, tuuandike pamoja mstari wa kwanza.